Kabla ya Kuziba

Tafakari ya juma: Mithali 25:19; Mathayo 9:16

Jino lililokwisha kuzibwa likianza kuuma tena, mwenye jino huumia mara mbili. Jino linamuuma, na roho inamuuma akikumbuka pesa alizotoa akidhani mambo yamekwisha. "Si hili niliziba?" Swali hilo nimelisikia mara nyingi hapa Myanga, na juma hili nataka tulitafakari kwa makini. Jibu lake la kidaktari lina faida kwa kila mwenye kinywa. Tena sisi Wakristo tunaliuliza swali hilohilo katika mambo mazito kuliko meno. Si tulipatana? Si niliungama? Mbona limerudi?

Mwandishi wa Mithali anamfananisha mtu asiyetegemeka siku ya shida na jino bovu. Naamini aliyeandika hayo aliwahi kuugua jino, maana tabia ya jino bovu ni hiyo hasa. Siku zote limetulia mdomoni, umelizoea, umelisahau. Siku ya kuuma hindi la kuchoma ndipo linakuangusha.

Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniomba nimsindikize kwa daktari wa meno mjini Bungoma. Gego lake la chini, upande wa kushoto, lilikuwa limezibwa, na sasa alikuwa halali usiku. Alikwenda akiwa ameshaamua. Kabla hata hajaketi alisema, "Daktari, ng'oa hili," akaweka kidole shavuni.

Daktari, kijana mpole, hakushika koleo. Alivuta kiti karibu. "Mama, likistahili kutoka nitalitoa. Kwanza niambie linauma vipi." Akaanza kuuliza. Linauma ukinywa kitu baridi au cha moto? Ukiuma chakula, au ukiachia? Maumivu yanaondoka papo hapo au yanakaa? Yanakuamsha usingizini? Mama akajibu kwamba ni chai ya moto, na kwamba yakishaanza hukaa, na usiku jino hupigapiga kama lina moyo wake.

Kisha kikaja kioo kidogo, na kichokoo chembamba cha kupapasia kingo za jino. Akageuza mpini wa kioo, akagonga meno polepole, moja baada ya jingine, akimtazama mama usoni kila anapogonga. Akapima ufizi kwa kijiti chenye alama za milimita. Halafu akapulizia dawa ya baridi kwenye kipande kidogo cha pamba. "Ukisikia baridi, inua mkono. Ikiisha, ushushe." Alianza na jino zima, ili mama ajue jino zima huhisi nini. Mkono ukapanda, ukashuka. Akaenda kwenye gego la chini, lile la kung'olewa. Mkono ukapanda, ukashuka vilevile. Akaenda kwenye gego la juu, upande uleule, lililozibwa miaka mingi nyuma hata mama alikuwa amelisahau. Mkono ukapanda, ukabaki juu. "Bado?" "Bado." Pamba ilishaondolewa kitambo. "Bado?" Mama akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtoka.

Picha ya eksirei ilionyesha kivuli cheusi chini ya kijazo cha lile jino la juu, kimekaribia kiini. Jino alilotaka ling'olewe halikuwa na kosa lolote.

Jambo hili si la ajabu kwa madaktari wa meno. Hisia za meno ya juu na ya chini hubebwa na neva moja kubwa ya uso yenye matawi, na ubongo huchanganya tawi hili na lile. Maumivu ya juu husikika chini, ya chini husikika juu, ingawa kwa kawaida hayavuki kwenda upande wa pili wa uso. Mafua yaliyojaza matundu ya mifupa ya uso huweza kuyafanya magego ya juu yaume yote kwa pamoja. Hata moyo ukiugua, maumivu yake huweza kupanda hadi taya. Kwa hiyo anayeumwa taya huku kifua kinambana na jasho linamtoka asitafute daktari wa meno. Akimbizwe hospitali mara moja. Mwenye maumivu anasema kweli kwamba anaumwa, lakini si lazima ajue anaumwa wapi. Ndugu zangu, naomba tulishike neno hilo tunapoendelea.

Na zile dalili daktari huzisoma kila moja kwa maana yake. Jino linaloshtuka kwa baridi kisha likatulia papo hapo, kiini chake kingali hai na huweza kupona kisababishi kikiondolewa. Linaloendelea kuuma baada ya baridi kuondoka, kiini kimevimba kupita kiasi cha kupona chenyewe. Hapo ni tiba ya mzizi au kung'oa. Linalouma unapoachia baada ya kuuma kitu huenda lina ufa, na ufa mara nyingi hauonekani hata kwenye picha. Picha nayo ina mpaka wake, kwa sababu uozo hauonekani hadi sehemu kubwa ya madini ya jino iwe imeshapotea mahali pale. Ndiyo maana daktari mzuri haamini kipimo kimoja.

Lakini jino la kuogopwa zaidi ni lile lisilosikia kitu. Mtu anaumwa wiki mbili, kisha asubuhi moja anaamka hana maumivu, anamshukuru Mungu, anasema limepona. Halijapona. Kiini kimekufa. Baada ya muda usaha hukusanyika kwenye ncha ya mzizi, na shavu huvimba. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo juu ya watu ambao dhamiri zao zimechomwa moto hata hazihisi tena. Kama dhambi fulani ilikuwa ikikuuma na siku hizi haikuumi, usifanye haraka kushangilia.

Sasa, kwa nini kijazo hushindwa? Wengi hudhani dawa ilikuwa mbovu. Mara nyingi dawa haina neno. Dawa ya kuziba haiozi. Kinachooza ni jino linaloizunguka. Pale kijazo kinapokutana na jino pana mstari mwembamba, na bakteria hawahitaji mlango mkubwa. Wanakula sukari tunayokula sisi, wanatoa asidi, na gamba gumu la jino linaanza kuyeyuka. Mate huja kuituliza ile asidi, ila yanahitaji kama nusu saa, pengine zaidi. Anayekunywa chai ya sukari saa tatu, akala mandazi saa nne, akatafuna muwa saa tano, hayapi mate nafasi ya kufanya kazi yake. Nasi tunaishi katika nchi ya miwa. Kiwanda cha Nzoia pale Bukembe kilianza kusaga mwaka 1978, na watoto wetu wengi hujifunza kuambua muwa kwa meno kabla ya kujifunza kusoma. Daktari aliziba tundu. Kinywa alikiacha vilevile, na chakula chake, na desturi zake.

Sababu nyingine ni unyevu. Dawa nyeupe, ile inayokaushwa kwa taa ya bluu, haishikamani vizuri na jino lenye mate au damu. Tone dogo tu likiingia wakati wa kuiweka, kijazo kitaonekana kizuri siku ile na baada ya miezi kitaachia ukingoni. Dawa ya rangi ya fedha huvumilia kidogo zaidi, lakini yenyewe haigandi kwenye jino. Hushikwa na umbo la tundu tu, na huhitaji kama siku nzima kukomaa. (Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, ndiyo maana dunia inaipunguza kufuatana na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013.) Wapo pia wanaovunja vijazo vyao wenyewe kwa kusaga meno usingizini, au kwa kufungulia chupa za soda. Na kuna kijazo kilichozidi kimo kidogo tu kuliko meno mengine, kikabeba uzito wote wa kutafuna.

Hiyo dawa nyeupe ina tabia nyingine iliyonifanya nisome upya sura ya 9 ya Mathayo. Inapokauka, hunywea kwa asilimia 2 hadi 3 hivi. Ni kidogo, lakini katika tundu la jino inatosha kuvuta kingo na kuacha mwanya. Daktari mwangalifu huiweka tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi milimita 2, akimulika kila tabaka kabla ya kuweka linalofuata. Asiye na subira hujaza tundu lote mara moja, akamulika mara moja, akakuaga. Yesu alisema habari ya kiraka cha nguo mpya kushonewa vazi kuukuu. Kikifuliwa kinanywea, kinalivuta vazi, na tundu linakuwa baya kuliko mwanzo. Nilikuwa nikidhani anazungumzia upya na ukale peke yake. Sasa naona pia kwamba Bwana wetu alijali namna kitu kinavyoungana na kile kinachokishikilia.

Kuna habari ya Afrika Mashariki ambayo wachache wanaijua. Katikati ya miaka ya 1980, jijini Dar es Salaam, daktari Mholanzi aitwaye Jo Frencken na wenzake walianza kutibu meno bila mashine na bila umeme. Walikwangua uozo laini kwa vyombo vya mkono, kisha wakaziba kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino. Shirika la Afya Duniani liliitangaza mbinu hiyo kwa ulimwengu mwaka 1994, mwaka ambao Siku ya Afya Duniani ilihusu afya ya kinywa. Kwa vijiji kama vyetu hiyo ilikuwa habari njema kwelikweli. Baadaye Arthur Kemoli wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzake, waliifuatilia katika shule za mashambani hapa Kenya kwa watoto 804 wa miaka 6 hadi 8, wakiziba matundu yaliyo kati ya jino na jino, ambayo ndiyo magumu kuliko yote. Baada ya miaka 2, takribani theluthi moja tu ya vijazo ilikuwa bado imesimama.

Mtu anaweza kusema basi mbinu haifai. Lakini matundu ya juu ya jino, ya pale pa kutafunia, yakizibwa kwa mbinu hiyohiyo hudumu vizuri zaidi. Na hata katika yale magumu, watafiti waliona tofauti. Jino lililozungushiwa shuka ya mpira ili mate yasifike lilifanya vizuri kuliko lililokingwa kwa pamba. Uzoefu wa mwenye kuziba ulihesabika, na uzoefu wa msaidizi wake pia. Huyo msaidizi hatumwoni. Yeye ndiye anayekoroga saruji kwa kipimo na kulinda ukavu wakati daktari anafanya kazi. Kijazo hakidumu kwa dawa peke yake.

Nimezika watu wengi katika eneo hili. Nimeona ndugu wawili, ambao hawajasalimiana kwa miaka, wakiitwa mbele ya jeneza na mzee wa ukoo. "Shikaneni mikono, baba yenu asiende na huzuni." Wanashikana. Watu wanapiga makofi, wimbo unapandishwa, jeneza linashushwa, kwa kuwa jua linakwenda na wageni wametoka mbali. Hakuna aliyeuliza ugomvi ulianzia wapi. Je, ni mpaka wa shamba? Ni karo ya mtoto ambayo mmoja aliahidi akaiacha? Ni neno ambalo mke wa huyu alimwambia mke wa yule? Au kidonda ni cha zamani kuliko hayo, cha baba aliyempenda mwana mmoja kuliko mwingine, na huu ugomvi wa mpaka ni mahali maumivu yanaposikika tu? Baada ya miezi michache wako kwa chifu. Majirani wanasema wale hawana shukrani, walishapatanishwa. Mimi nasema walizibwa kabla ya kupimwa, tena pakiwa na machozi kila mahali.

Wazee wetu Wabukusu hawakufanya hivyo. Baada ya maziko waliweka siku ya kunyoa nywele, na siku hiyo familia iliketi, madeni ya marehemu yakatajwa mbele ya watu: anayedaiwa ng'ombe, anayedai, aliyeachiwa nini. Walijua kwamba siku ya jeneza si siku ya hesabu. Naumia kuona familia nyingi siku hizi zikiifupisha siku hiyo iwe ya kula na kuondoka.

Na tuliokaa kati ya Bungoma na Kitale tumeona jambo hili kwa ukubwa wake wa kutisha. Mpango wa makazi wa Chepyuk, kule Mlima Elgon, ulifunguliwa mwaka 1971 ili watu wapewe ardhi. Ukaja wa pili mwaka 1989. Ukaja wa tatu. Kila mara mashamba yaligawanywa upya juu ya malalamiko ambayo hayakusikilizwa hadi mwisho, na kila mara palibaki waliosema wamenyimwa. Kufikia mwaka 2006 vijana walikuwa wameingia msituni na bunduki. Machi 2008 jeshi likapanda mlimani. Mamia waliuawa, wanaume wengi waliteswa, na familia zilikimbilia huku kwetu na Trans Nzoia zikiwa na magodoro kichwani. Siko hapa kuhukumu nani alianza. Nasema kwamba ardhi ileile ilizibwa mara tatu, na wanaoishi Kopsiro na Cheptais, kulekule mlimani, leo wanastahili mtu wa kuketi nao na kuuliza maswali yote, hata yale ya mwaka 1971, kabla ya mtu mwingine kufika na hati mpya.

Narudi kwa kila mmoja wetu. Kanisa, kabla ya kuungama, linatutaka tuchunguze dhamiri. Wengi tunaruka hapo. Tunapanga mstari tukiwa na orodha tuliyoizoea tangu Komunyo ya kwanza: nilikasirika, nilisema uongo, nilikosa Misa. Tunapokea kitubio, tunasali, na baada ya wiki mbili tunarudi na orodha ileile. Tunaanza kushuku sakramenti, kana kwamba neema haikushika. Neema haina kasoro. Lakini hasira unayoiungama kila mwezi huenda inasikika hapo tu, na shina lake liko kwingine. Pengine ni deni unalowaficha wa nyumbani, au pombe, au mwana uliyemfukuza na hutaki jina lake litajwe. Jiulize kama yule daktari alivyouliza. Linauma lini? Nikiguswa na nani? Linakaa muda gani baada ya aliyenigusa kuondoka? Ni wapi ambapo zamani paliniuma na sasa sisikii kitu? Mwimba Zaburi, katika ile ya 139, hakumwomba Mungu amtulize. Alimwomba amchunguze.

Tena ukishaondolewa dhambi, usirudi kwenye muwa. Namaanisha desturi ileile, kundi lilelile, njia ileile ya kurudia nyumbani inayopita mlangoni pa klabu. Kinywa kisipobadilika, ukingo utaoza.

Kuhusu meno yenyewe nasema wazi, kwa sababu mwili nao ni wa Bwana. Jino lililozibwa likaguliwe hata kama haliumi. Mtoto mwenye tundu kwenye meno ya utotoni apelekwe, msiseme yatang'oka tu. Mengine hukaa hadi miaka 11 au 12. Msimkabidhi taya mtu wa sokoni mwenye koleo. Hospitali za rufaa za kaunti, Bungoma na Kitale, zina idara za meno. Mkifika msimwamuru daktari ang'oe au azibe. Mwelezeni maumivu yalivyo, mwacheni apime. Kanisa lina mwombezi wa wenye kuumwa meno, Mtakatifu Apolonia wa Aleksandria, ambaye umati ulimvunja meno karibu mwaka 249 kabla hajafia motoni. Sikukuu yake ni tarehe 9 Februari. Mwombeni, kisha pandeni matatu mwende kliniki.

Na wale wa familia zilizopatanishwa makaburini mwaka huu, nawaomba mniite. Nitakuja na katekista, jioni, tukiwa wachache, bila wimbo na bila haraka. Maungamo ni Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri. Fikeni saa nane, mkae kanisani kwanza.